Sewa Haji: Mfanyabiashara wa Bagamoyo Aliyeipa Mizigo Njia ya Tabora

Kama umewahi kumsindikiza mgonjwa wa rufaa hadi Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, huenda ulielekezwa jengo linaloitwa Sewahaji. Watu hulitaja kila siku kama wanavyotaja Mwaisela au Kibasila. Wengi hudhani ni jina la mtaa, au la daktari wa zamani.

Sewa Haji hakuwa daktari. Alikuwa mwenye duka. Jina lake linatuhusu sana sisi tunaoishi Tabora, Uyui, Sikonge, Urambo na kote inakopita njia ile ya zamani kutoka pwani hadi Ujiji, kwa sababu mali aliyoipata ilibebwa na watu wa huku. Ilitembea kwa miguu, begani, zaidi ya kilomita 800 kwenda na nyingine kama hizo kurudi.

Katika makala hii tunaeleza maisha yake, na namna biashara ya misafara ilivyoendeshwa kabla ya reli, kabla ya lori, na kabla ya benki kujulikana huku kwetu.

Duka la baba

Sewa Haji Paroo alizaliwa mwaka 1851. Familia yake ilikuwa ya Wahindi wa jamii ya Ismailia, wenye asili ya Kutch, magharibi ya India. Baba yake, Haji Kanji, alikuwa na duka Unguja, na baadaye biashara ikafika Bagamoyo, ng'ambo ya pili ya bahari. Sewa alipofikia umri wa kijana aliingia kazini dukani.

Bagamoyo ya wakati ule ndiyo ilikuwa mlango wa njia ya kati. Msafara uliotoka bara uliishia pale, na uliokwenda bara ulianzia pale. Kwa mpagazi aliyetembea miezi miwili au mitatu kutoka Unyanyembe, ndipo mahali pa kutua mzigo. Ndiyo maana wengi husema jina la mji huo linatokana na kubwaga moyo, yaani kupumzika baada ya taabu.

Mwenye duka Bagamoyo hakuuza kidogo kidogo kama duka la kijijini. Mteja wake alikuwa mtu anayetaka kufunga safari ya mwaka mmoja au zaidi. Mteja huyo alihitaji nguo, shanga, waya wa shaba, bunduki, baruti, mahema, kamba na vyakula. Zaidi ya vyote, alihitaji watu wa kubeba. Sewa Haji alijifunza kutoa vyote hivyo mahali pamoja. Mtu aliingia kwake na barua ya fedha kutoka Unguja, akatoka na msafara mzima uliokwisha fungwa, tayari kuondoka.

Mtumba, shanga na waya

Leo tukisema mitumba tunafikiria nguo za sokoni zilizokwisha kuvaliwa. Zamani za misafara, mtumba ulikuwa mzigo wa nguo wa mpagazi. Majora ya nguo yalikunjwa, yakapangwa, yakafungwa kwa kamba na kupigwa kwa magongo mpaka yakashikamana kama gogo. Kisha yalizungushiwa mkeka. Mzigo ukilegea njiani humuumiza mbebaji, na mvua ikipenya nguo huoza. Kufunga mtumba ilikuwa kazi ya fundi. Uzito wake ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu.

Waya ulifungwa kwa mizingo, ukaning'inizwa kwenye ncha mbili za mti unaowekwa begani. Shanga zilitiwa katika mifuko mirefu. Na hapa ndipo ujuzi wa mwenye duka ulipoonekana. Kila nchi ilikuwa na shanga zake. Shanga nyekundu zilizoitwa samesame zilipendwa mahali pamoja, na mahali pengine watu walizikataa wakataka nyeusi au nyeupe. Mkubwa wa msafara akibeba rangi isiyotakiwa, alikuwa kama mtu aliyebeba mawe. Watu wake wangeweza kulala njaa katikati ya kijiji chenye mtama tele, kwa sababu hakuna aliyetaka shanga zake.

Kwa hiyo mali ya kwanza ya Sewa Haji ilikuwa habari. Alikuwa na njia ya kujua Ugogo wanataka nini mwaka huu, hongo imepanda au imeshuka, Unyanyembe kuna amani au vita. Habari hizo zililetwa na wapagazi na wafanyabiashara waliorudi. Leo mkulima wa asali wa Sikonge hupiga simu kuuliza bei kabla hajatoa ndoo zake nje. Zamani jibu la swali kama hilo lilitembea kwa miguu miezi miwili, na aliyelisikia kwanza ndiye aliyefaidika.

Nguo yenyewe iliyotamba zaidi iliitwa merikani. Ilikuwa pamba nyeupe isiyotiwa rangi, na jina lake linaonyesha ilikotoka. Ilifumwa katika viwanda vya jimbo la Massachusetts, Marekani, kwenye miji kama Lowell, na mabaharia wa bandari ya Salem ndio walioileta Unguja. Marekani ilikuwa na mkataba wa biashara na Sultani tangu mwaka 1833. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia 1861 hadi 1865, vilipunguza pamba na nguo hiyo ikaadimika. Nguo za India na Uingereza zikachukua nafasi. Jina merikani halikufa. Bibi zetu waliendelea kuliita hivyo hata nguo ilipotoka kwingine.

Meno ya tembo nayo yalikwenda safari ya kinyume. Yalitoka misitu ya Kongo, Ukonongo na nchi za maziwa, yakakusanywa Tabora na Ujiji, yakashuka Bagamoyo, yakavuka hadi Unguja. Sehemu kubwa ilisafirishwa hadi Connecticut, Marekani. Huko miji midogo ya Deep River na Ivoryton iliishi kwa kazi ya kupasua pembe na kutengeneza vitufe vyeupe vya piano, na vichana. Hivyo mpagazi wa Kigwa na mfanyakazi wa kiwanda cha Connecticut walishika pembe moja bila kujuana.

Mabega ya Unyamwezi

Watu wengi hufikiri kila aliyebeba pembe alikuwa mtumwa. Biashara ya watumwa ilikuwapo, na ilipita njia hii hii, hilo halifichiki. Wapo waliotembea njia hii wamefungwa minyororo. Lakini wapagazi wa Kinyamwezi kwa sehemu kubwa walikuwa watu huru, waliofanya kazi kwa ujira. Walipatana mshahara kabla ya kubeba. Walidai posho ya kila siku, na neno posho tunalolitumia leo lilikuwa na maana kubwa kwao: bila posho mzigo haukunyanyuka. Msimamizi akiwaonea waliweka mizigo chini, au waliondoka usiku.

Walisafiri kwa majira. Mavuno yakiisha na kiangazi kikiingia, vijana waliondoka. Wengi walijitahidi kurudi wakati wa kulima. Kijana ambaye hajafika pwani alihesabiwa bado mtoto, na kupata mke kulikuwa kugumu kwake. Wanawake nao walisafiri, wakibeba vyombo na kupika, na wengine wakibeba mizigo ya ujira. Mbele alitangulia kirangozi aliyejua njia, visima na adabu za kila nchi. Kutoka pwani walipita Mpwapwa, wakaingia Ugogo kwenye hongo nyingi, wakavuka pori la Mgunda Mkali lenye shida ya maji, kisha wakatokea Tura, Rubuga na Kigwa. Wakifika hapo walijua wamefika nyumbani. Utani kati ya Wanyamwezi na Wazaramo, ambao bado tunaucheka kwenye misiba na harusi, unahusishwa na safari hizo: mgeni alihitaji mtu wa kumzika na kumtania katika nchi isiyo yake.

Makadirio ya wanahistoria ni kwamba mwishoni mwa karne ya 19 watu kama laki moja walipita njia ya kati kila mwaka. Bagamoyo, msimu ukifika, wapagazi waliuzidi mji kwa idadi.

Sewa Haji alifanya biashara kwa kuunganisha pande hizo mbili: mzigo unaotafuta bega, na bega linalotafuta mzigo. Alituma watu wake kuwapokea wapagazi wanaoshuka kutoka bara kabla hawajachukuliwa na wengine. Alichukua kamisheni kwa kila mpagazi aliyemwandika. Alitoa mali kwa mkopo pia. Mfanyabiashara Mwarabu au Mswahili alichukua nguo leo, akarudi na pembe baada ya mwaka au miaka miwili. Bei aliyoandikiwa ilikuwa kubwa kuliko ya fedha taslimu, na tofauti hiyo ndiyo ilikuwa faida ya mkopeshaji. Nyuma ya wafanyabiashara wa Bagamoyo walikuwapo matajiri wa Unguja, na mkubwa wao alikuwa Tharia Topan. Vita vikizuka Unyanyembe, kama vile vya Mirambo kuanzia mwaka 1871, hasara ilipanda ngazi hiyo yote hadi Unguja.

Mteja aliyelalamika

Mwaka huo huo wa 1871 mwandishi wa gazeti kutoka Marekani, Henry Morton Stanley, alifika Bagamoyo akitaka kumtafuta Dokta Livingstone. Tharia Topan alimwelekeza kwa Sewa Haji ili apatiwe wapagazi. Sewa alikuwa na umri wa miaka 20 tu.

Stanley alikaa Bagamoyo wiki nyingi kuliko alivyotaka. Katika kitabu chake alimchora kijana huyo kama mjanja asiye na haya, aliyemwandikia gharama za juu na kupunguza nguo za ujira wa wapagazi. Ni shutuma za upande mmoja. Stanley alikuwa mgeni mwenye haraka, katika mji ambao ugonjwa na vita vya bara vilifanya wapagazi wawe adimu, na bidhaa adimu hupanda bei. Hata hivyo hatuna sababu ya kuifuta shutuma hiyo. Kama nguo za ujira zilipunguzwa, basi aliyeumia kwanza alikuwa Mnyamwezi aliyebeba mzigo, si Stanley aliyeandika kitabu. Mpagazi hakuwa na gazeti la kulalamikia.

Stanley aliondoka Machi, na Juni akafika Kwihara, nje kidogo ya Tabora. Tembe alilokaa, ambalo mwaka uliofuata Livingstone alikaa humo akisubiri wapagazi kutoka pwani, leo ni makumbusho. Wapagazi waliotoa mizigo ile Bagamoyo wakaifikisha Kwihara hawana bango.

Bendera mpya

Sewa Haji alikua pamoja na biashara. Kufikia miaka ya 1880 hakuna aliyemshinda Bagamoyo katika kufunga misafara. Wamisionari, wavumbuzi na wafanyabiashara walipita kwake.

Mwaka 1888 watu wa pwani wakiongozwa na Abushiri walisimama dhidi ya kampuni ya Wajerumani. Bagamoyo iliungua na watu wengi wakakimbia. Wajerumani walirudi kwa nguvu mwaka 1889. Vita vilipokwisha walihitaji kupeleka askari, risasi na vyakula bara, na hawakuwa na mabega. Wakamtegemea Sewa Haji. Mwaka 1890 bendera yao ilipandishwa Tabora. Mtemi Isike wa Unyanyembe aliwapinga kwa miaka kadhaa, na Januari 1893, boma lake lilipovamiwa, alilipua baruti akafa kuliko kukamatwa.

Mizigo ya serikali iliyofika Tabora wakati huo ilipita mikononi mwa mawakala wa pwani, na Sewa Haji alikuwa mkubwa wao. Hapo napo pana uzito wake. Biashara yake ilipata nguvu kwa utawala ambao watu wa huku waliupinga kwa damu.

Alikuwa na mshindani mmoja mkubwa. Charles Stokes, Mwairishi aliyekuja kama mmisionari na kugeuka mfanyabiashara wa pembe, aliona kwamba njia fupi ni kuandika wapagazi kwao wenyewe. Aliweka makao Usongo, kwa Mtemi Mtinginya, upande wa Nzega ya leo, na akaoa katika ukoo wa kitemi. Sewa alikuwa na duka na mkopo. Stokes alikuwa na undugu. Mwaka 1895 Stokes alinyongwa Kongo kwa amri ya ofisa wa utawala wa Mbelgiji, akishutumiwa kuuza silaha.

Shule na hospitali

Sewa Haji hakuishi muda mrefu kuifurahia mali yake, lakini katika miaka yake ya mwisho alifanya jambo ambalo wenzake wachache walilifanya.

Kwanza, shule. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 aliikabidhi serikali ya Kijerumani nyumba Bagamoyo iwe shule. Aliweka sharti kwamba isiwe ya dini moja wala ya rangi moja. Tukumbuke wakati ule elimu ya kusoma na kuandika kwa utaratibu wa Kizungu ilitolewa hasa na misheni. Jengo la shule linalohusishwa na jina lake lingali limesimama katika mji mkongwe wa Bagamoyo.

Pili, hospitali. Makao makuu ya serikali yalikuwa yamehamia Dar es Salaam mwaka 1891, na mji ulikua haraka. Wajerumani walijenga hospitali nzuri ufukweni kwa ajili ya Wazungu. Ndiyo Ocean Road ya leo. Mwafrika au Mhindi akiugua hakuwa na pake. Sewa Haji alitoa fedha ijengwe hospitali ya watu hao. Historia ya hospitali hiyo huhesabiwa kuanzia mwaka 1897.

Mwaka huohuo, tarehe 10 Februari, Sewa Haji alifariki Unguja akiwa na miaka 46. Katika wosia wake majengo yake ya Bagamoyo na Dar es Salaam yaliachiwa serikali, mapato yake yasaidie wagonjwa, wakiwemo wenye ukoma.

Hospitali ya Sewa Haji ilihudumia watu kwa karibu miaka sitini, chini ya Wajerumani na baadaye Waingereza. Mwaka 1956 hospitali mpya ilifunguliwa ikaitwa Princess Margaret. Baada ya uhuru ikawa Muhimbili. Jina la binti mfalme liliondoka. Jina la mwenye duka likabaki kwenye jengo la wodi.

Baada yake

Biashara ya misafara ilirithiwa na Allidina Visram, Mhindi wa Kutch aliyefanya kazi chini ya Sewa Haji. Yeye alibadilisha mtindo. Badala ya kuusubiri msafara pwani, alifungua maduka njiani, Tabora na Ujiji zikiwemo, kisha akaelekea Kenya na Uganda. Duka lake liliuza nguo na chumvi, na hapo hapo likanunua pembe, ngozi na mazao ya watu. Mtu wa bara aliweza kuuza nta yake karibu na nyumbani bila kuipeleka pwani. Aliingia pia katika viwanda, hasa vya kuchambua pamba. Alifariki mwaka 1916, na katika miaka kumi iliyofuata himaya yake ikavunjika.

Kilichomaliza upagazi ni reli. Ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Behewa moja lilibeba mizigo ya mamia ya wapagazi kwa siku chache. Bagamoyo, ambayo reli haikuigusa, ilinyamaza. Tabora iliponea kwa sababu gari moshi lilisimama hapa. Vijana waliozoea kwenda pwani kwa ujira waliendelea kwenda, lakini sasa kwenye mashamba ya mkonge.

Kinachobaki

Ukipita Tura, Kigwa au Kwihara leo utaona miembe mikubwa kando ya njia ya zamani. Ni alama za vituo vya misafara. Ukifika Bagamoyo utaona majengo ya wafanyabiashara, mengine yamechakaa. Na ukifika Muhimbili, Mungu akuepushe, utaliona jina.

Tunamkumbuka Sewa Haji kwa haki kabisa. Aliyekuwa na mali wakati ule hakulazimishwa na mtu kujenga hospitali ya Waafrika, na wengi waliotajirika kwa njia hii hii hawakujenga hata kisima. Lakini tunapomtaja tukumbuke na upande wa pili wa hesabu. Kila rupia iliyojenga hospitali ile ilikuwa imepita kwanza begani kwa mtu fulani wa Unyanyembe, Usongo au Ugalla, aliyevuka Mgunda Mkali na frasila mbili za nguo kwa posho ya siku. Wodi ile si sadaka tu ya tajiri wa pwani. Kwa sehemu ni jasho la babu zetu lililorudi kama kitanda cha mgonjwa.

Kwa hiyo mtu wa Tabora anapolazwa Sewahaji asijione mgeni. Ukoo wake ulichangia, ingawa jina halikuandikwa. Na kama nyumbani kwenu kuna mzee anayejua habari za babu aliyekwenda pwani na msafara, alipitia wapi, alirudi na nini, mkalishe, mwulize, na umrekodi kwa simu yako. Habari za Sewa Haji zimeandikwa. Za mpagazi bado ziko vinywani mwa wazee, na wazee wanapungua.